UZI: Koti lenye lebo mkononi. Tulimnasihi bwana harusi au tulimfanyia shere tu?

Fundi wa Mkunazini (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau wa mavazi ya kiume. Najua picha ya yule bwana harusi imeshapita na wengi mmeshahamia kwenye kanzu za Sikukuu. Mie bado haijanitoka. Naifungulia uzi wake, bila ya picha.

Kwa ambaye hakuiona: kijana kasimama mlangoni mwa msikiti, ametoka kuozeshwa. Kanzu nyeupe imenyooka, kofia ya viua, koti jeusi juu ya kanzu kama ada yetu. Kwenye mkono wa kushoto wa koti, juu kidogo ya vifungo, lebo ya kiwanda bado imeshonwa. Picha ya pili kapigwa kwa nyuma, na mpasuo wa koti bado umefungwa kwa ule uzi mweupe wa msalaba. Bas. Hayo mawili yalitosha kurasa sita za vicheko humu jukwaani.

Jana usiku nimezisoma tena kurasa zote sita. Aliyeandika kitu cha kumfaa kijana, kwamba lebo hiyo hutolewa kwa wembe, ni mmoja. Yuko mwengine aliyesema mabega ya koti yamempita. Waliobaki wote walikuwa wanashindana kuchekesha.

Kilichonirudisha huko ni mteja wa Jumatatu. Mtu mzima, mwalimu wa skuli. Kaja na suti mpya ndani ya mfuko, kasubiri mpaka wateja wawili waliokuwapo wakaondoka, halafu akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa ya maradhi ya aibu: "Fundi, hii ya mkononi inatolewa au inaachwa?" Nikamuuliza kwa nini hakuuliza humu, maana najua yumo. Akanambia, "Baada ya niliyoyaona wiki ile? Hasha."

Basi niyaseme yale yaliyopaswa kusemwa ukurasa wa kwanza. Lebo ya mkononi hushonwa kwa mishono michache tu, ili mwenye duka aone aina ya kitambaa koti likiwa limetundikwa. Uzi wa msalaba kwenye mpasuo ni wa safari, koti lisifunguke na kujikunja njiani. Mifuko nayo mara nyingi huja imezibwa kwa uzi ili isilegee kabla ya kuuzwa. Vyote vitatu hutolewa, na hapana mahali popote kwenye koti palipoandikwa hivyo. Anayejua, kaambiwa na mtu.

Na lebo ndiyo kasoro ndogo kabisa kwenye picha ile. Kasoro kubwa ni bega. Bega la koti liishie pale bega lako linapoishia. Kiuno hupunguzwa, mkono hufupishwa, suruali hukatwa pindo, hizo ni kazi za siku moja. Bega likiwa kubwa, lazima mkono utolewe, bega likatwe, kwapa lirekebishwe, mkono urudishwe, na mara nyingi gharama yake inakaribia koti jengine. Kwa hiyo anayenunua koti tayari ajaribu bega kwanza, mengine baadaye. Kuna vijana wangapi wanaooa mwaka huu lingewafaa hili? Hatukulisema, tulikuwa kwenye lebo.

Nauliza: mnaonaje?

Pweza wa Nungwi

Fundi umeanza. Zanzibar bila ya tashtiti ni kisiwa gani hicho? Mie nimekulia barazani. Ukipita na viatu vipya unaulizwa kama maiti mwenye viatu amekubali. Na kwa shere hizo hizo ndivyo nilivyojifunza kuvaa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka na mkanda mweupe na viatu vyeusi vya moka, nikapita wanapocheza bao. Wazee wakaacha bao. Hapana aliyenipa somo, na somo nimelielewa mpaka leo.

Halafu mila yenyewe inaruhusu. Nendeni Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wanatwangana kwa migomba, wanawake wanaimba maneno makali hadharani, na mwisho wa siku watu wanakula pamoja. Wazee waliweza kutenganisha maneno na uadui, sisi inatushinda lebo?

Mtoto wa Ng'ambo

Kumbe mkanda ule ulikuwa wako.

Bulibuli Nyeupe

Pweza mwanangu, mfano mzuri lakini umeukata nusu. Makunduchi pana kiwanja na pana siku. Anayeingia kwenye migomba kaingia kwa miguu yake, anayempiga yuko mbele ya macho yake, na yeye ana mgomba wake mkononi. Yule kijana alikuwa na mgomba gani? Alikuwa yumo fungate.

Mie nimevuka sabini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 suruali za bugaluu, zile pana miguuni, zilipigwa marufuku hapa kwetu, na nywele ndefu kadhalika. Bara walitutangulia na Operesheni Vijana yao, iliyotangazwa 1968 na kuanza kutekelezwa Januari 1969, ikakataza vimini, mawigi na suruali za kubana. Nilikuwa na bugaluu moja ya kijani, kaka yangu kaishona kwa mkono wake kwa kutazama picha ya gazeti. Niliificha chini ya godoro mpaka ikaliwa na nondo. Marufuku nimeshaisahau, marufuku huja na kuondoka. Nisichokisahau ni wenzetu waliokuwa wamekaa pembeni wakicheka pale mtu anaposimamishwa njiani kwa ajili ya suruali. Na wao majumbani kwao wanazo.

Tukirudi nyuma zaidi. Kabla utumwa haujafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, kofia na viatu havikuwa vya mtumwa. Yake ilikuwa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, au kaniki, ile nguo nyeusi. Walipoachwa huru, wengi wao walikimbilia kanzu na kofia. Sasa hebu fikirini: kofia hii tunayoivaa leo kwa mkao wa upande na kujiona mabwana, kuna babu wa mtu aliyeivaa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, hajui ikae mbele au nyuma, kwa sababu umri wake wote alinyimwa. Ningependa kujua jirani yake alimwambia nini asubuhi ile.

Mshona Viua

Naomba na mie mwanamke niseme, ingawa ni kwenu wanaume. Nashona kofia. Ile picha niliiona kabla haijafutwa, na kilichoniuma ni kwamba kurasa sita nzima hapana hata mtu mmoja aliyeitaja kofia.

Ile ni kazi ya mkono. Kila kiua ni kitundu kinachotobolewa kwenye kitambaa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, kwa kufuata mchoro uliochorwa kwanza kwa penseli. Kofia ya kazi nyingi hunichukua mwezi na zaidi, maana nashona baada ya kupika, kufua na watoto kulala. Siku hizi zimejaa za mashine, kwa mbali huwezi kuzijua, ukiigeuza ndani ndio unaona. Ile ya kijana mistari yake ilikuwa imekaa sawa mpaka kwenye kiungo cha nyuma, na hapo kwenye kiungo ndipo mshonaji anapojulikana. Mwanamke fulani kaipotezea macho yake kofia ile, nyinyi mnatazama kipande cha lebo.

Bibi aliyenifunza alikuwa hasemi. Nikimpelekea kazi, anaivuta kwenye mwanga, anachukua mkasi mdogo, anafumua viua vitatu vilivyopinda, ananirudishia. Nililia sana enzi hizo. Lakini alikuwa hafumui vinne.

Halafu jengine. Sisi wanawake tukitaka kumpiga mtu kijembe tunazo kanga, jina limeandikwa, mwenye kusoma asome. Nyinyi mkabaki na simu.

Mtoto wa Ng'ambo

"Alikuwa hafumui vinne." Bi Mshona, umenimaliza.

Muscat kwa Muda

Niko Oman mwaka wa tisa sasa, na hili la shere linanihusu. Mara ya kwanza kurudi nyumbani nilivaa dishdasha ya huku, ile isiyo na ukosi, yenye kishada kidogo shingoni. Kishada hicho wenyewe hukitia mafuta mazuri, unapogeuza shingo unapata harufu. Nikaitwa Mwarabu wa mchango wiki mbili nzima. Hapana aliyeniuliza kishada ni cha nini. Na kanzu za Kisaudia zenye ukosi mgumu kama wa shati zinavaliwa mtaani kwetu kila Ijumaa, hazichekwi, kwa sababu zimeshazoeleka.

Nilichojifunza: mara nyingi tunachokicheka hakina kosa, ila ni kigeni kwetu. Mchekaji mwenyewe hawezi kutofautisha.

Na kwa wanaosema ukosoaji wa hadharani haufai kabisa, nawapa mfano. Kule Marekani yuko mwandishi wa mavazi ya kiume, Derek Guy, kajipatia wafuasi wengi kwenye mtandao wa X kwa kuchambua suti za wanasiasa na watu maarufu. Maneno yake yana pilipili, anachoma. Lakini ukimaliza kusoma unajua kola ya koti inavyotakiwa kukaa shingoni bila ya kuachana na kola ya shati, na kwa nini suruali ya kiuno cha chini inaharibu mstari wa koti. Na mara nyingi anaowachoma ni wenye vyeo na pesa, watu wanaoweza kushonewa suti kumi. Hicho ni kicheko, na ni darasa. Sisi tulimchukua mtu aliyejikusanyia akanunua koti moja la siku moja.

Daktari wa Mitumba

Nauza makoti Mwanakwerekwe. Faida ya mitumba mnaiona sasa: lebo ya mkononi ilishatolewa na Mjerumani.

Niongeze moja la maana kabla sijafukuzwa. Makoti mengi mapya ya bei nafuu, kifua chake cha ndani kimegandishwa kwa gundi. Ukilifua nyumbani kwa maji, au ukaliachia jua la kaskazi, kifua kinatoa malengelenge na hapana dawa. Na bitana yake, kile kitambaa cha ndani, ni ya plastiki tupu, ndio maana bwana harusi anatoka jasho kabla hajaulizwa kama amekubali. Kwa joto letu tafuta koti lenye nusu bitana, au la sufu nyepesi, au la kitani kama hujali mikunjo. Mitumba ya sufu nyepesi ipo, ila inataka asubuhi na subira.

Abu Twaha

Ndugu zangu, Suratul Hujurat aya ya 11 imelimaliza hili: watu wasiwafanyie istihzai watu wengine, huenda wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka, wala msiitane kwa majina mabaya. Na maadamu tunazungumza kanzu, wengi humu kanzu zenu zinapita vifundo vya miguu, na hilo...

Pweza wa Nungwi

Sheikh, hilo la vifundo lina uzi wake, una kurasa arubaini, na haujapoa.

Kasha la Msaji

Naona wote mnaelekea upande mmoja, basi niharibu.

Kuna maradhi ya pili humu, na kwangu ni mabaya zaidi ya shere. Ni "Mashaallah umependeza." Mtoto wa ami yangu aliweka picha ya suti aliyokuwa aende nayo kwenye usaili wa hoteli moja huko pwani ya mashariki. Mikono ya koti inamfika kwenye vidole, tai imeishia juu ya kitovu. Watu arubaini na kitu wakamwandikia mashaallah, kila la heri, umetisha. Akaenda nayo. Sisemi alinyimwa kazi kwa ajili ya mikono ya koti, sijui walichokiangalia. Ila alirudi akasema waliokuwa wakisubiri nje pamoja naye walikuwa wanatazamana. Wale arubaini wote walimwona kama nilivyomwona mie. Walimpenda, lakini walimwacha aende hivyo.

Kwa hiyo tukikataza vicheko, tusije tukabaki na sifa za uongo. Mie bora nichekwe na nijue.

Mtoto wa Ng'ambo

Na wewe Kasha ulimwambia?

Kasha la Msaji

Nilimpigia simu. Baada ya usaili.

Bulibuli Nyeupe

Ahsante kwa ukweli wako, Kasha.

Kipimo changu ni cha kizamani. Zamani kanzu ilikuwa na majina ya viungo vyake, na mtoto wa mjini aliyajua kama anavyojua viungo vya mwili. Badani ni kile kipande kikubwa cha mbele na cha nyuma. Taharizi ni zile za ubavuni, zinazoipa kanzu upana wa kutembelea. Kikwapa ni kile kipande cha chini ya mkono, kikikosewa ukinyanyua mikono kusema takbira kanzu nzima inapanda. Kaba iko shingoni ndani. Sijafu ni pindo. Mtu akikosoa kanzu alisema "kikwapa chako kimekuwa kidogo", na aliyeambiwa alijua aende kwa fundi akaseme nini. Leo kanzu zinakuja zimekunjwa ndani ya nailoni kutoka ng'ambo, zimeandikwa namba. Haikukaa vizuri, utasema nini? Huna neno lake. Asiye na neno la kuitajia nguo, lililobaki mdomoni ni la kumtajia mtu.

Nadhani humo ndimo tulimoharibikiwa, Pweza. Wale wazee wako wa bao wangeweza kukwambia mkanda ufanane na kiatu. Maneno manne. Ukakaa nayo aibu miaka mingapi?

Pweza wa Nungwi

Ami, wangenambia maneno manne nisingesikia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Lakini sikatai, kila nikivaa mkanda mpaka leo nawaona wale wazee.

Mtoto wa Ng'ambo

Sasa mie nina swali kwa mleta uzi, na naliuliza kwa heshima. Nimezirudia zile kurasa kama ulivyozirudia. Maneno yaliyopendwa kuliko yote yako ukurasa wa kwanza: "Bwana harusi ametoka, koti bado liko dukani." Watu waliyasambaza mpaka kwenye makundi ya familia. Mbona hukutaja kwenye hesabu yako nani aliyeyaandika?

Daktari wa Mitumba

Loo.

Kasha la Msaji

Tumo ndani ya nyumba ya kioo leo.

Fundi wa Mkunazini (mleta uzi)

Ni mie. Nilijua mtu atayafikia, na nilitamani asiyafikie.

Sina la kujitetea. Nilikuwa dukani, mchana, umeme umekatika, cherahani imesimama. Picha ikaingia. Neno likanijia, nikaliandika, likapendwa, nikafurahi kama mtoto. Miaka ishirini na saba nashona makoti, na kwa uhodari wangu wote nilichomwambia mtu mwenye koti lenye kasoro ni mzaha. Bega nililiona papo hapo, sekunde ya kwanza, ndiyo kazi yangu kuliona. Ila bega halichekeshi.

Yule mwalimu wa Jumatatu alipokuwa ananieleza kwa nini hakuuliza humu, aliyanukuu maneno yangu. Hakujua kuwa ni yangu. Nilimtolea lebo, nikamfupishia mikono, sikuchukua pesa, na sikumwambia.

Pweza wa Nungwi

Wallahi ilichekesha lakini.

Bulibuli Nyeupe

Ilichekesha. Hapo ndipo ilipo taabu yake.

Mtu wa Wete

Assalaam alaykum. Mie ndiye mwenye koti.

Nimekuwa nikisoma tangu juzi, mke wangu ananambia niandike, nikaona haya. Leo naandika.

Kwanza lebo. Muuzaji pale Darajani alinambia kwa kinywa chake nisiitoe, eti ndiyo inayoonyesha kuwa koti ni la asili. Nilimuamini, kwa sababu yeye ndiye muuza makoti. Koti kabla ya hilo sikuwahi kuwa nalo. Bi Mshona Viua, kofia ile kaishona mama yangu mdogo, na nimemsomea maneno yako, kaniambia nikusalimie sana na kwamba kiungo cha nyuma alikifumua mara mbili.

Pili, vicheko. Msidhani nililia. Ukurasa wa kwanza nilicheka na mie, hata lile la koti liko dukani nilicheka, na nyumbani koti sasa linaitwa La Dukani, ndilo jina lake. Ukurasa wa pili bado nacheka. Ukurasa wa tatu mtu akaandika "ndio hao wa kutoka Pemba, mnategemea nini", na waliofuata wakaendelea hapo hapo, boti, karafuu, shamba, na maneno mengine siyarudii. Hapo nikazima simu. Lebo ilikuwa yangu, nimeikubali. Wete si yangu peke yangu. Baba yangu alikuwa kwenye picha ile, pembeni, na yeye hakuvaa koti.

Tatu. Yule ndugu aliyeandika nitoe kwa wembe, namshukuru kwa nia yake. Nilitoa usiku ule ule. Wembe ukapita lebo, ukapita uzi, ukapita na mkono wa koti. Pana kitobo.

Daktari wa Mitumba

Ya Rabbi. Mie ndiye niliyeandika wembe.

Mtoto wa Ng'ambo

Uzi huu hauna mtu msafi.

Daktari wa Mitumba

Nisamehe ndugu yangu wa Wete. Mie mwenyewe natumia wembe kila siku, mkono umeshazoea, sikufikiria kuwa anayesoma ni mara yake ya kwanza. Na ile lebo ya "asili" aliyokwambia muuzaji, ni uongo wa siku zote, nimeshausikia mara nyingi.

Fundi wa Mkunazini (mleta uzi)

Na mie nimeusifu wembe huko juu kama ndio nasaha pekee iliyotolewa. Niandike sasa ilivyo sawa, ibaki hapa kwa atakayekuja. Usiingie na wembe juu ya kitambaa. Chukua sindano nene au mkasi mdogo wa ncha, ingiza chini ya lebo, nyanyua uzi mmoja mpaka uuone umesimama peke yake, ukate huo. Kisha unaofuata. Lebo ikitoka, nyuzi zilizobaki zivute kwa vidole, pole pole. Uzi wa msalaba kwenye mpasuo ni hivyo hivyo. Mfuko uangalie kwanza kwa ndani, makoti mengine mfuko wa juu ni wa pambo tu, hauna kitu nyuma yake, ukilazimisha unachana.

Ndugu yangu wa Wete, nakutaka radhi. Kwa lile neno, na kwa ukurasa wa tatu, ambao niliusoma na sikuandika kitu.

Pweza wa Nungwi

Na mie ukurasa wa tatu nimo. La boti lilikuwa langu. Nilidhani ni mzaha wa kawaida wa Unguja na Pemba, tunataniana siku zote kazini, Wapemba wenyewe wananiita Pweza kwa sababu hiyo. Lakini wale wananijua. Nisamehe. Mkanda mweupe bado ninao, ukitaka nikutumie picha unicheke, nitavumilia kurasa sita.

Mtu wa Wete

Tuma.

Msimamizi

Maneno ya ukurasa wa tatu wa uzi ule yameondolewa. Kuanzia leo picha ya mtu asiyeiweka mwenyewe haitapandishwa humu.

Kasha la Msaji

Msimamizi, na mashaallah za uongo je?

Msimamizi

Hizo hatuna namna ya kuziondoa.

Fundi wa Mkunazini (mleta uzi)

Mtu wa Wete, kitobo kikubwa kiasi gani?

Mtu wa Wete

Kama punje ya mchele. Kiko pale pale lebo ilipokuwa.

Fundi wa Mkunazini (mleta uzi)

Punje ya mchele inafichika. Ukija Unguja lije nalo. Nitachomoa nyuzi kutoka kwenye pindo la ndani la koti lenyewe ili rangi iwe moja, nizifume hapo, mtu hataona mpaka aambiwe. Kiuno nitakipunguza pia, mikono nimeiona ni mirefu kwa kama sentimita mbili. Hulipi kitu. Usilifue kabla ya kuja, mambo ya gundi ameshayaeleza Daktari.

Mtu wa Wete

Ahsante fundi. Na mabega?

Fundi wa Mkunazini (mleta uzi)

Mabega sikuahidi. Hayo yalikatwa kwa ajili ya mtu mnene kuliko wewe. Labda unenepe.

Mtu wa Wete

Mke wangu anasema kazi hiyo ameshaianza.